Gari likimisi, pima kabla ya kulaumu

Wiki hii naomba tuzungumze juu ya jambo ambalo limewapotezea watu wengi fedha huku kwetu Kisongo, na mimi nikiwa mmojawapo. Jambo lenyewe ni gari linalomisi na kukosa nguvu. Najua baadhi yenu hamna gari. Lakini kama unampa mwenye pikapu maziwa yako ayafikishe mjini, au mbuzi wako awafikishe mnadani, basi jambo hili ni lako pia, maana gari likikwama njiani, maziwa yanayochacha ni yako.

Mimi nina pikapu ya zamani ya petroli, yenye silinda nne na kabureta. Anayeiendesha ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Kazi yake kubwa ni kwenda Makuyuni na kurudi na mahindi au mbuzi. Safari hiyo ni kama kilometa 130 kwenda na kurudi, na kwa miaka yote pikapu ile ilikuwa ikitumia lita 15 hivi za petroli.

Kisha ikaanza kuumwa. Asubuhi iliwaka vizuri, wala usingejua kuwa ina tatizo. Injini ikishapata moto ilianza kutetemeka, na ukisimama nyuma ulisikia bomba la moshi likipiga mara tatu, likikosa moja, likipiga tatu, likikosa moja. Kwenda Makuyuni ilijikongoja, kwa sababu ni kuteremka. Kurudi, ambako ni kupanda, ilikuwa ni gia ya pili na kuomba Mungu. Na petroli ikapanda kutoka lita 15 hadi lita 20.

Je, nilifanya nini? Nilifanya kile ambacho wengi wetu hufanya. Nililaumu.

Kwanza nililaumu petroli. Nilisema wameichanganya na mafuta ya taa. Tuhuma hiyo haikutoka hewani, kwani sote tunakumbuka uchakachuaji ulivyoenea nchini hadi mwaka 2010, EWURA ilipoanza utaratibu wa kuweka vinasaba katika mafuta ili yaliyochanganywa yatambulike. Nikabadili kituo. Gari likaendelea kumisi. Fundi wa kwanza akasema ni plagi, nikanunua plagi nne. Gari likaendelea kumisi. Akasema ni koili, nikanunua koili. Halafu akasema ni kabureta, ikafunguliwa, ikaoshwa, ikawekwa vifaa vipya ndani. Kwa ajili ya kabureta hiyo niliuza mtamba mmoja. Gari likatoka gereji asubuhi likiwa linanguruma vizuri, na kufika saa tano lilikuwa linamisi vilevile.

Ndipo nikamgeukia mpwa wangu. Nilipiga hesabu kwamba kila safari zinapotea lita 5 ambazo siwezi kuzieleza. Nikamwambia mbele ya watu kwamba lita hizo anazinyonya na kuziuza. Kijana hakubishana. Aliweka funguo juu ya meza akasema, "Mjomba, kama ni mimi, basi tafuta mwingine." Akaenda kwa mama yake Ngaramtoni.

Ndugu msikilizaji, nitarudi kwa kijana huyo. Lakini kwanza niwaeleze nilivyofundishwa na fundi mmoja mzee ambaye hufanyia kazi zake chini ya mti, kando ya barabara yetu hii iendayo Makuyuni.

Nilipomfikia nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikaanza kumtajia spea zote nilizonunua. Akanikatiza. "Mwanangu, sikuulizi umenunua nini. Nakuuliza linamisi wakati gani." Nikasema, likishapata moto. "Likiwa limesimama au likipanda?" Nikasema, likisimama hutetemeka, likipanda hukosa nguvu. Akatikisa kichwa kama daktari aliyeanza kuona njia.

Kabla ya kugusa kitu chochote alinieleza hivi. Kila silinda ya injini ya petroli inahitaji mambo matatu. La kwanza ni hewa na petroli vilivyochanganywa kwa kipimo chake. La pili ni mgandamizo, yaani pistoni ipandapo iubane ule mchanganyiko bila kuvuja. La tatu ni cheche ya moto kutoka kwenye plagi, tena kwa wakati wake. Kimoja kikikosekana, silinda hiyo haifanyi kazi. Kumisi maana yake ni hivyo tu: silinda imefikiwa na zamu yake nayo haikuwaka. Na silinda iliyokufa haikai kimya kama abiria. Zile tatu nzima hapana budi ziiburute, kwa hiyo gari lenye silinda nne hupoteza zaidi ya robo ya nguvu zake.

"Sasa," akasema, "tusitafute ugonjwa kabla ya kumjua mgonjwa. Ni silinda ipi?"

Aliiwasha injini, akaiacha mpaka ikapata moto na kuanza kumisi. Kisha kwa koleo yenye mpini wa mpira akachomoa waya wa plagi ya kwanza. Injini ikalegea na kutetemeka zaidi. Akaurudisha. Akachomoa wa pili, ikalegea vilevile. Akachomoa wa tatu, na injini haikubadilika hata kidogo. Wa nne, ikalegea tena. Maana yake ni nyepesi. Silinda ambayo ukiinyima moto injini inalalamika, hiyo ilikuwa ikifanya kazi. Ile ambayo ukiinyima moto injini haina habari, hiyo ndiyo imekufa. Kwetu ilikuwa ya tatu.

Naomba nitoe tahadhari hapa. Umeme wa waya hizo unazidi volti 10,000, kwa hiyo usizishike kwa mkono mtupu. Aidha, kwa magari mapya yenye vifaa vya elektroniki usichomoe waya namna hii, maana unaweza kuunguza vifaa hivyo. Hayo yana njia yake, nami nitaieleza.

Hatua iliyofuata ilinifurahisha kwa urahisi wake. Mzee alizima injini, akaitoa plagi ya tatu akaipeleka silinda ya pili, na ya pili akaileta ya tatu. Akawasha tena na kurudia kipimo. Kama plagi ndiyo ingekuwa mbovu, basi ugonjwa ungehama nayo kwenda silinda ya pili. Haukuhama. Akabadilishana waya za silinda hizo kwa namna hiyo hiyo, huku akihakikisha kila silinda inabaki na zamu yake, kwani katika injini nyingi za silinda nne moto hufuata mpango wa 1, 3, 4, 2, na ukiuvuruga utakuwa umeongeza ugonjwa mwingine. Ugonjwa ukabaki pale pale, silinda ya tatu. Kwa dakika kumi, bila kununua hata skrubu, tukawa tumeithibitisha plagi na waya kuwa nzima. Koili haikuwa na haja ya kushtakiwa, kwa sababu koili moja huhudumia silinda zote nne, na tatu zilikuwa zinawaka vizuri. Kabureta vilevile hulisha zote nne. Hebu fikiri, msikilizaji: mtamba wangu ulikwenda kwenye kabureta ambayo ushahidi ulikuwa umekwisha kuiachia huru.

Plagi yenyewe nayo ilikuwa na la kusema. Plagi ya injini nzima huwa na rangi ya kahawia hafifu. Ikiwa nyeusi na kavu kama masizi, petroli inazidi hewa, au cheche ni dhaifu. Ikiwa nyeusi na imelowa oili, oili inapenya kuingia ndani. Ikiwa nyeupe na imeungua, hewa inazidi au injini inapata joto mno. Na ikiwa imelowa petroli, mchanganyiko unafika lakini hauwaki. Yetu ilikuwa imelowa petroli.

Kwa hiyo mafuta yalikuwapo, na moto ulikuwapo. Likabaki la mgandamizo. Mzee akatoa plagi zote, akatenga waya wa koili ili isitoke cheche karibu na mvuke wa petroli, akafunga geji kwenye tundu la plagi ya kwanza, akaniambia nikanyage pedeli ya mafuta hadi mwisho na kupiga stata. Silinda ya kwanza ilisoma paundi 150 kwa inchi ya mraba. Ya pili 145. Ya nne 150. Ya tatu ilisoma 80.

Namba hizo hutofautiana kwa kila injini, na huku milimani huwa ndogo kuliko pwani. Kinachotazamwa zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda. Kanuni ya mafundi ni kwamba ya chini kabisa isipungue robo tatu ya ile ya juu. Kwetu ilikuwa karibu nusu tu. Mzee akamimina kijiko kidogo cha oili katika silinda ya tatu na kupima tena. Kama namba ingepanda sana, basi ringi za pistoni zimekwisha, kwa sababu oili huziba mwanya wake kwa muda. Haikupanda. Kwa hiyo uvujaji ulikuwa juu, kwenye valvu au gasketi. Gasketi ikipasuka katikati ya silinda mbili, mara nyingi zote mbili huanguka pamoja. Yetu ilianguka moja. Tukabaki na valvu.

Akafungua kifuniko cha juu na kutoa vibati vyake vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi, ambavyo mafundi huviita fila. Juu ya kila valvu hapana budi iwepo nafasi ndogo, kwa sababu chuma kikipata moto hurefuka. Kwa valvu za kutolea moshi za injini ile, nafasi iliyotakiwa ilikuwa milimeta 0.30. Katika silinda ya tatu, kibati cha milimeta 0.05 kiligoma kupita. Asubuhi injini ikiwa baridi, valvu iliweza kujifunga. Ikipata moto ilirefuka, ikakosa mahali pa kurefukia, ikabaki wazi kidogo. Mchanganyiko ukibanwa, unavuja. Ndiyo maana gari lilitoka gereji asubuhi likiwa zima na saa tano likawa gonjwa.

Nafasi hiyo ilipoteaje? Valvu na kiti chake hulika polepole, na miaka ikipita bila kupima, nafasi huisha. Baadhi ya injini za zamani huathirika zaidi, kwa sababu zilitengenezwa kwa petroli yenye madini ya risasi, ambayo pia yalikinga viti vya valvu. Petroli hiyo iliondolewa katika nchi zetu za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa mwaka 2006, tena kwa sababu njema, kwani risasi hudhuru ubongo wa watoto. Mwenye injini ya zamani anapaswa tu kupima valvu zake mara kwa mara. Yangu haikuwahi kupimwa tangu niinunue.

Mzee aliseti nafasi kwa spana na bisibisi. Kazi hiyo haikuzidi nusu saa. Akaniambia nina bahati, maana ningeendelea mwezi mwingine valvu ingeungua, na hapo ingebidi silinda hedi ishushwe. Akawasha. Mapigo manne, bila pengo.

Kisha akaniuliza lile ambalo sikulitegemea. "Umesema petroli ilipanda kiasi gani?" Nikasema, kutoka 15 hadi 20. "Lita 5 katika 20 ni sehemu gani?" Nikasema robo. "Na silinda moja katika nne?" Sikujibu. Silinda ya tatu ilikuwa inapokea petroli yake kama wenzake na kuitupa kwenye bomba la moshi bila kuichoma. Hesabu hii si ya maabara, maana barabara na mzigo navyo vina sehemu yake, lakini kwangu ilitosha. Mwizi niliyemtafuta alikuwa ndani ya injini. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ndugu msikilizaji, sisemi kwamba kila gari linalokosa nguvu lina tatizo la valvu. Nikisema hivyo nitakuwa narudia kosa la fundi wangu wa kwanza. Yapo mengine ambayo huku kwetu hayana budi kuangaliwa mapema, kwa kuwa ni rahisi kupima.

Kwanza, mahali penyewe. Kisongo iko karibu meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila meta 300 unazopanda. Pikapu yenye nguvu za farasi 80 kule Dar es Salaam, hapa inabaki na kama 70, hata ikiwa nzima kabisa. Na ikiwa ni ya kabureta iliyosetiwa pwani, huku itakunywa petroli kupita hewa iliyopo, na plagi zitakuwa na masizi. Hiyo ni kazi ya kurekebisha kabureta. Wala usiivunjie injini kwa sababu hiyo.

Pili, vumbi. Sina haja ya kuwaeleza wana Kisongo vumbi la kiangazi. Filta ya hewa iliyoziba ni sawa na mtu kukimbia huku ameziba pua. Itoe, itazame kwenye mwanga. Ya karatasi ipulizwe kwa upepo hafifu kutoka ndani kwenda nje, isioshwe kwa petroli.

Tatu, kifuniko cha tanki. Kina kitundu cha kuingiza hewa, na vumbi hukiziba. Gari likienda vizuri nusu saa kisha likakosa nguvu hadi kuzimika, simama, fungua kifuniko taratibu. Ukisikia hewa ikivutwa kuingia ndani, na gari likapona mara moja, ugonjwa ni huo. Kama sivyo, angalia filta ya mafuta na pampu, hasa kama gari linakosa nguvu mlimani tu huku likisimama linaunguruma vizuri.

Kwa wenye magari ya dizeli, hakuna plagi za cheche wala koili. Huko unatazama filta, hewa iliyoingia kwenye mipira ya mafuta, nozeli na mgandamizo. Mafundi wa zamani walikuwa wakilegeza mpira wa chuma wa nozeli moja moja ili kuijua silinda iliyokufa. Katika injini mpya za dizeli usithubutu. Mafuta yake yana msukumo mkubwa unaoweza kutoboa ngozi na kukupeleka hospitali.

Na kwa wenye magari mapya ya petroli, kipo kimashine cha kuchomeka na kusoma hitilafu. Kikiandika P0303, maana yake silinda ya tatu inamisi. Watu wengi wakiona hivyo hukimbilia kununua koili. Lakini kimashine kimekutajia chumba tu, hakijakutajia ugonjwa wa aliyemo. Gari likiwa na koili juu ya kila plagi, fanya kama alivyofanya mzee: zima injini, hamisha koili ya tatu iende ya pili. Hitilafu ikihama na kuandikwa P0302, nunua koili. Ikibaki P0303, weka fedha zako mfukoni na uendelee kupima.

Zamani kila homa tuliita malaria, tukameza dawa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likahimiza kwamba mgonjwa apimwe kwanza ndipo apewe dawa, na leo hata zahanati ya kijijini ina kile kipimo cha tone la damu. Tumekubali utaratibu huo kwa miili yetu. Sijui kwa nini gereji bado tunameza dawa kwanza.

Sasa nirudi kwa mpwa wangu. Siku ile ile nilikwenda Ngaramtoni na pikapu yangu. Nilimkuta kijana uani pamoja na mama yake, nikaeleza mbele yao kwamba nilimtuhumu bila ushahidi, na kwamba petroli ilikuwa inapotea ndani ya injini. Dada yangu alinitazama kwa muda mrefu bila kusema neno. Kijana akasema, "Yameisha, mjomba." Lakini akaweka sharti moja kabla ya kuchukua funguo. Alitaka liwemo daftari ndani ya gari, na kila petroli inayoingia iandikwe pamoja na kilometa, tusaini wote wawili.

Nilikubali, nami nawashauri wenye magari wote wafanye hivyo. Daftari hilo ni kipimo cha bei nafuu kuliko vyote. Humlinda dereva dhidi ya tajiri mwenye hasira kama mimi, na injini ikianza kuumwa hulisema mapema kabla masikio hayajasikia. Tangu siku ile safari ya Makuyuni imerudi kwenye lita 15, na wakati mwingine 16 mzigo ukiwa mkubwa.

Mtamba wangu hakurudi, na plagi na koili nilizozitoa bila kosa bado ziko kwenye kopo nyumbani. Ninaziacha pale makusudi. Nikitaka kumlaumu mtu kwa jambo ambalo sijalipima, huenda nikalitazama kopo lile kwanza.

Hadi wiki ijayo, ndugu msikilizaji, nakutakia safari njema.